Usimkaripie anayeuliza, kagua muamala wake

Wiki hii msomaji ameniandikia. Alituma USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kutoka kwenye pochi ya simu (programu ya kutunzia sarafu hizo) kwenda kwenye soko la mtandaoni analouzia, saa tatu zikapita salio halijaingia, akaamua kuuliza kwenye kundi la Telegram lenye maelfu ya watu. Majibu matatu ya kwanza yalikuwa haya: "Umepigwa hiyo." "Google ni bure, kaka." "Hawa ndio matapeli wenyewe, admini mtoe." La nne lilimfuata inboksi. Lilikuwa na jina na picha ya admini, salamu, pole nyingi, na ombi la maneno yake 12, yaani maneno ya siri yanayoifungua pochi, ili pochi "isawazishwe". Akayatoa. Dakika chache baadaye pochi ilikuwa tupu.

Kinachouma ni kwamba mpaka wakati ule hakuwa amepoteza chochote cha maana. Muamala wake ulishindikana kwa kukosa nishati, yaani nguvu ya kompyuta ambayo mtandao wa Tron alioutumia hudai ili kuhamisha USDT, na USDT zote zikiwa bado kwenye pochi. Mtu yeyote kwenye kundi angeliona hilo kwa nusu dakika kupitia Tronscan, tovuti ya wazi inayoonyesha miamala ya Tron, kama angemwomba namba ya muamala badala ya kumtukana. Kwa hiyo tapeli alifanya kazi ndogo tu. Kazi kubwa tulimfanyia sisi, tulipomfukuza mtu hadharani akaenda kupata upole mahali ambapo hakuna anayeona.

Tuwe wakweli, kutoaminiana kwetu kuna sababu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ukanda huu umeumwa. OneCoin, sarafu ya utapeli, iliuzwa mpaka Uganda, na kiongozi wake Ruja Ignatova ametoweka tangu Oktoba 2017. Mwisho wa mwaka 2019, Uganda hiyo hiyo, Dunamiscoins, mpango mwingine wa sarafu, ulifunga ofisi na kuacha watu mlangoni. Juu ya hayo upo utapeli unaovaa sura ya mtu anayeomba msaada, na huu lazima kila anayejibu maswali aujue vizuri, kwa sababu ndio unaotufanya tumwone kila mgeni ni mwizi.

Unaendeshwa hivi. Mtu anaandika: "Jamani mimi mgeni, nina USDT kwenye pochi yangu, maneno yangu ni haya 12, naombeni mnielekeze namna ya kuzihamisha." Maneno ameyaweka wazi. Ukiyaingiza kwenye pochi yako unakuta USDT kweli zimo, labda elfu kadhaa, lakini TRX, sarafu ya Tron ya kulipia makato, hakuna. Mwenye tamaa anatuma TRX zake ili azihamishe zile USDT, na hapo ndipo anaponaswa. Akaunti ile imebadilishwa ruhusa: kwenye Tron akaunti inaweza kuwekwa chini ya ufunguo wa anwani nyingine, yaani siri ya kuidhinisha ya akaunti nyingine, kiasi kwamba maneno yale 12 yanakuonyesha salio tu, kuidhinisha huwezi. USDT haziondoki, na TRX ulizotuma zinabaki kwa mwenye mtego, mara nyingi boti (programu inayojiendesha) linazizoa papo hapo. Ukitaka uhakika, fungua anwani hiyo Tronscan, nenda sehemu ya ruhusa, tazama anwani yenye mamlaka ya mmiliki. Ikiwa tofauti na anwani yenyewe, mtego huo.

Sasa linganisha mtu huyo na msomaji wangu. Wote wawili wamejiita wageni, wote wameandika kwa haraka na kwa makosa ya herufi. Tofauti iko kwenye kitu kilichowekwa mezani. Wa mtego ameweka maneno ya siri na fedha za kutamanisha. Mwenye shida ya kweli anaweka tukio: nilituma, haijafika. Tukio linakaguliwa bila kumwamini wala kumshuku mtu, kwa sababu kila muamala umeandikwa hadharani. Hiyo ndiyo maana ya ile kauli tunayoipenda sana ya "usiamini, hakiki". Siku hizi tumeishika nusu ya kwanza tu, na hakuna anayehakiki.

Kwa anayeuliza, msaidie msaidizi wako kwa kuandika swali linalokaguliwa. Mfano (TRC20 ni USDT za mtandao wa Tron): "Nimetuma USDT 50, mtandao TRC20, kutoka pochi ya simu kwenda kwenye soko, saa 4:10 asubuhi. Namba ya muamala ni hii. Pochi inaonyesha hivi, soko halionyeshi kitu." Namba ya muamala ina tarakimu na herufi 64, kwenye mitandao mingine kama Ethereum na BNB Chain hutanguliwa na 0x. Inakiliwe kama maandishi, usipige picha ya skrini, kwa sababu hakuna atakayekaa kuchapa herufi 64 kutoka kwenye picha, na picha yenyewe mara nyingi huonyesha salio lako lote na jina lako. Jua pia kwamba namba hiyo inafungua anwani yako, na anwani inaonyesha kilichomo. Kama una fedha nyingi kwenye anwani hiyo, kagua hali ya muamala mwenyewe kisha ueleze kwa maneno ulichokiona.

Maneno 12 au 24 hayaombwi na fundi yeyote, kwa sababu hakuna tatizo la muamala linalotatuliwa kwayo. Hata pale pochi inapokataa kurejeshwa, unajihudumia mwenyewe: maneno hayo hutoka kwenye orodha ya wazi ya maneno 2,048, na kila neno linatambulika kwa herufi nne za mwanzo. Pitia karatasi yako neno kwa neno ukilinganisha na orodha. Mara nyingi utakuta neno moja limeandikwa vibaya au mawili yamebadilishana nafasi. Neno la mwisho hubeba hesabu ya kuhakiki mengine, ndiyo maana kosa dogo huifanya pochi ikatae.

Na ukishauliza hadharani, inboksi yako itajaa. Amua kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma kwamba hutajibu hata mmoja. Alama ya admini huonekana ndani ya kundi tu. Inboksi haiji nayo. Matapeli hutumia I kubwa mahali pa l ndogo kwenye jina la mtumiaji, au huandika jina halisi la admini kwenye sehemu ya wasifu ili ukitazama haraka uone linafanana.

Upande wa wanaojibu ndio wenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu maswali mengi yanajirudia na majibu yake yapo.

"Nimetuma USDT, haijafika" kwenye Tron: kwanza tazama kama muamala umefaulu. Kuhamisha USDT hula nishati takriban 65,000, na takriban 130,000 kama anwani inayopokea haina USDT yoyote. Asiye na nishati huchomwa TRX (hukatwa TRX zake kama malipo), na TRX zikipungua katikati, muamala unashindikana, makato yanakwenda, USDT zinabaki. Bei ya nishati hubadilishwa kwa kura, hivyo usimtajie mtu idadi ya TRX uliyoizoea mwaka juzi. Mwambie asome makadirio ya pochi yake na aongeze kidogo. Kama umefaulu na soko halijaonyesha, Tron huthibitisha kwa bloku 19 (mafungu ya miamala), kama dakika moja hivi. Zaidi ya hapo ni suala la soko, na aandikie huduma kwa wateja akiwa ndani ya programu yao, asitafute namba ya simu kwenye Google.

"Nimekosea mtandao" ndilo swali linalotukaniwa watu zaidi, na mara nyingi lina dawa. Aliyetuma kwa BEP20, yaani mtandao wa BNB Chain, kwenda anwani yake mwenyewe ya Ethereum hajapoteza kitu, kwani anwani ya 0x ni ile ile kwenye mitandao yote miwili. Aongeze BNB Chain kwenye pochi, atazikuta, kisha atafute BNB kidogo ya makato. Ikiwa anwani ni ya soko, ufunguo wanao wao, kwa hiyo urejeshaji uko mikononi mwao na huenda wakatoza. Kwa sarafu za XRP, XLM na TON, ulizia kama aliweka memo, yaani namba inayomtambulisha mteja kwa soko. Ikikosekana, fedha zimefika kwenye soko lakini hazina mwenyewe. Soko litamtambua kwa namba ya muamala na kiasi.

Bitcoin iliyokwama kwa siku mbili haijaibwa. Fungua mempool.space, tovuti inayoonyesha miamala ya Bitcoin inayosubiri, linganisha makato aliyolipa kwa kila baiti (kipimo cha ukubwa wa muamala) na yanayolipwa sasa. Kama pochi inaruhusu, aongeze makato ya muamala ule ule. Kama hairuhusu, anayepokea anaweza kuitumia fedha hiyo hiyo katika muamala mpya wenye makato makubwa, wachimbaji (wanaoithibitisha miamala) wakavuta yote miwili kwa pamoja. Asipofanya lolote, nodi nyingi (kompyuta za mtandao wa Bitcoin) huutupa muamala huo baada ya saa 336, yaani siku 14, na fedha huwa kama haikutumwa. Ethereum ni tofauti: muamala mmoja uliokwama huzuia yote iliyoufuata, kwa sababu inahesabiwa kwa mfuatano. Ajitumie ETH (sarafu ya Ethereum) sifuri kwa namba ile ile ya mfuatano na makato yaliyozidi angalau asilimia 10.

Yapo mawili ambayo kweli yamekwisha: aliyenakili anwani kutoka kwenye historia yake akakuta ni ya tapeli aliyetengeneza yenye herufi za mwanzo na mwisho zinazofanana, na aliyetaja maneno yake. La kwanza likithibitishwa halirudi. Mweleze hivyo kwa upole na kwa ufupi, na umfundishe kusoma herufi za katikati pia. La pili lina haraka. Kama kuna chochote kimebaki, akihamishe sasa hivi kwenda pochi mpya yenye maneno mapya, akianza na chenye thamani kubwa. Kubadilisha nywila ya programu hakusaidii. Aliyeiruhusu tovuti mbaya itoe sarafu kwenye pochi yake bila kutoa maneno ana nafuu: aondoe ruhusa hizo, kwa mfano kupitia revoke.cash, akijua kwamba kuondoa nako kunalipiwa makato.

Jibu lenyewe liandike kundini, mbele za watu. Hata liwe fupi hivi: "Karibu, dada. Weka namba ya muamala hapa hapa, na usimjibu yeyote atakayekufuata inboksi, hata akitumia jina langu." Sentensi hiyo inachukua sekunde kumi kuandika, na humkinga mtu dhidi ya yule wa nne anayesubiri pembeni. Usimpe linki, mpe jina la tovuti aliandike mwenyewe. Ukiona ni ule mtego wa maneno 12, andika "hii ni akaunti yenye ruhusa iliyobadilishwa, msitume TRX," ripoti, endelea na shughuli zako. Matusi hayamuumizi mwenye boti. Wanaoyasoma ni wageni wengine waliokuwa wanajiandaa kuuliza, nao wanaamua kunyamaza.

Wanaoomba mtaji au "vocha kidogo mpaka kesho" ni jambo jingine, na hapo ukali wa kanuni unafaa: kundi halitoi fedha kwa mtu yeyote. Lakini anayeomba maarifa asiingizwe kapu moja nao. Wengi tunaojifanya wakongwe leo tulielekezwa bure na watu tusiowajua, na ni aibu kwetu kuufunga mlango tulioupitia.

Kwa maadmini: kundi lenye wanachama 100 na zaidi linaweza kuficha orodha ya wanachama, na mkifanya hivyo mnawanyima matapeli orodha ya watu wa kuwafuata. Zuieni wanachama wapya kutuma linki. Washeni kikomo cha muda kati ya ujumbe na ujumbe pale mjadala unapochafuka, ili swali la mtu lisizikwe. Neno "umepigwa" lililoandikwa bila mtu kukagua chochote lifutwe kama linki ya tapeli inavyofutwa, kwa sababu linamtia mtu hofu, na mwenye hofu humwamini wa kwanza atakayemwambia "nitakurejeshea".

Hao "wataalamu wa kurejesha fedha" huja siku ile ile au wiki moja baadaye, wakiomba ada kwanza. Hakuna anayeweza kuugeuza muamala uliothibitishwa. Kinachowezekana ni hiki: Tether, kampuni inayotoa USDT, inaweza kuzifungia USDT zilizo kwenye anwani fulani kwa ombi la vyombo vya dola, na soko linaweza kuzuia akaunti iliyopokea. Kwa hiyo aliyeibiwa akusanye namba za miamala, anwani ya mwizi, tarehe na saa, na mazungumzo yote kabla hayajafutwa upande wa pili, kisha aende polisi, kitengo cha makosa ya mtandao, na aliandikie soko husika siku hiyo hiyo. Watanzania wengi huogopa kuripoti kwa sababu ya tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililosema sarafu hizi si fedha halali. Hata hivyo, wizi wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tangu 2024 serikali yenyewe inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Kenya wanayo sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2018.

Na tatizo likitatuka, aliyeuliza aandike chini ya swali lake lilivyotatuka, kwa sentensi mbili, pamoja na jina la mtandao na sarafu. Admini aubandike ujumbe huo juu ya kundi kwa wiki moja. Anayekuja kesho na swali lile lile atalikuta jibu kabla tapeli hajamkuta yeye.