Kijiji au bonde zima?
Umeuliza afya ya mazingira na maisha ya watu tuvipime kijijini au bonde zima la mto. Kote kuwili, ndugu yangu. Tazama mto Ruaha Mkuu, Tanzania: ukiishia Usangu, tambarare ya juu ya mto, utaona mpunga umestawi na kaya zina kipato. Teremka hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tangu miaka ya 1990 mto hukauka kiangazi, viboko wakabanana kwenye vidimbwi. Chini zaidi kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu, yanayozalisha umeme wa watu wasiowahi kufika Mbarali, wilaya iliyoko huko Usangu. Mimi ningeanza na kina cha maji Ihefu, ardhioevu ya Usangu, maana yakishuka chini ya mwamba wa N'giriama, ulioko mto unapotokea, hayatoki tena kwenda chini. Kisha niwaulize akina mama wanachota wapi, na wafugaji, ambao huachwa nje ya hesabu mara nyingi mno.