Limau la Malkia: nilivyojifunza kufundisha akrostiki za ngano

Wiki iliyopita mwalimu mmoja aliniandikia: "Mwalimu, nimewapa wanafunzi wangu kazi ya akrostiki za ngano, wameniletea orodha ya maneno. Wewe unafanyaje?" Nilicheka peke yangu. Orodha hiyo naijua, nimeshawahi kuisahihisha.

Kwa asiyejua, akrostiki ni shairi ambalo herufi za kwanza za mishororo, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, zinatoa neno au jina. Ya ngano hutungwa kutokana na hadithi za kale. Mimi nafundisha Kiswahili kwa watu wazima waliokulia lugha nyingine.

Mara ya kwanza nilitumia hadithi ya yule malkia anayekiuliza kioo nani mzuri kuliko wote, kisha akamtilia binti sumu kwenye tunda. Nikaandika MALKIA ubaoni, nikawaambia kila herufi waitafutie neno la kumsifu au kumlaani. Hapo ndipo nilipoharibu. Vivumishi vyetu si vingi, na vya kumweleza mtu mmoja vingi vinaanza na M. Wakaandika "Mbaya", wakakwama. Mwanafunzi mmoja, mama mtaratibu asiyependa kukosea, akapekua kamusi kwenye L akaibuka na "Limau". Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka, jambo ambalo sijajisamehe, maana yule mama hakunyoosha mkono tena kwa wiki mbili.

Siku hiyohiyo mwenzangu mmoja wa kazini, aliyekuwa amekaa nyuma kunikagua, akaniuliza mbele ya wanafunzi: "Hapa tunafundisha lugha au tunacheza?" Sikumjibu. Mpaka leo nikiosha vyombo huwa namjibu.

Ile L ilininyima usingizi. Kisha ikanijia kwamba kitenzi chetu kinatanguliza kiambishi cha mtendaji, na hakuna anayetukataza kuanza na kitenzi, mtendaji akafuata nyuma: "Limekuja jitu." Kumbe herufi haidai neno tu, inadai ngeli, yaani kundi la nomino! L ni ya LI-YA, K ni ya KI-VI, Z ni wingi wa I-ZI, N ni mimi, T ni sisi. Kipindi kilichofuata sikugusa habari ya sifa. Nilisimulia hadithi upya, nikawaambia kwamba katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, Wajerumani waliokusanya ngano, la mwaka 1812, malkia yule alikuwa mama mzazi wa binti. Ni mwaka 1819 ndipo walipomgeuza mama wa kambo. Darasa likanyamaza. Nikaandika mishororo miwili tu:

Limeng'aa tunda, sumu imo ndani.
Kimesema kioo, mama hakulala.

Wakaelewa, na neno "upatanisho", yaani kitenzi kufuata ngeli ya nomino, sikulitaja hata mara moja.

Miezi ya katikati naiacha, ilikuwa ya kusahihisha tu. Mwezi uliopita tukafika kwenye ngano ya zimwi lililomtia mtoto ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijijini. Ngoma ikipigwa, mtoto anaimba. Yule mama wa limau akaleta hii:

Zimezimwa taa zote.
Ile ngoma inaimba peke yake.
Mtoto yumo ndani.
Wazazi wake wanacheza.
Inalia, nao wanaipigia makofi.

Usome tena huo mshororo wa mwisho. Ngoma inalia, mtoto analia, kitenzi ni kilekile. Kwenye karatasi niliona alama ya ufutio: mwanzo alikuwa ameandika "Analia". Neno lake, ZIMWI, lilidai I, akafuta, na shairi likageuka mikononi mwake. Lingebaki na "Analia" lingekuwa shairi la kumhurumia mtoto, basi.

Nilijivuna, sikatai. Nimelibandika ukutani, pale ambapo mwenzangu yule hupita kila asubuhi.

Sasa, mwalimu uliyeniandikia, anza na hadithi. Isimulie kwa sauti mpaka mwisho kabla hujaandika neno lolote ubaoni. Narudia, hadithi kwanza. Chagua neno fupi, herufi nne au tano zinatosha. B na F hazikupi kiambishi, lakini "Bibi" na "Fisi" hawakosekani kwenye ngano. "Alikuwa" ipige marufuku, maana kila mvivu hutorokea kwenye A. Halafu hadithi, hadithi, hadithi. Sisi walimu tumezoea kuona haya kucheza na lugha, tunajificha nyuma ya majedwali ya ngeli utadhani kuna mtoto aliyejifunza LI-YA kwenye jedwali. Alilisikia zimwi likija, likanguruma, likamla mtu, akashika blanketi. Tuwape na watu wazima haki hiyo ya kuogopa kidogo.

Na ukiletewa limau, usicheke. Muulize mwanafunzi limau lilikuwa wapi, nani alilichuma, lilifanya nini. Huenda ndilo lililotiwa sumu.