Maswali ya wasomaji: Kushuka bonde la Lofoi

Tuko watano, vijana wa Katuba, Lubumbashi. Tunataka kutembea kwa miguu siku tatu katika bonde la mto Lofoi, chini ya maporomoko. Twende mwezi gani, na tubebe nini?

Nendeni mwishoni mwa Mei au Juni. Mvua za huku kwetu Katanga huanza Novemba na kukatika Aprili. Mkienda Machi mtayakuta maporomoko na nguvu zake zote, maji yakianguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, lakini gari litakwama kwenye tope kabla hamjafika. Mkingoja Septemba, maji yamepungua mno, jua ni kali na moshi wa nyasi zinazochomwa umetanda. Shida ya Juni ni baridi ya usiku, hasa juu ya uwanda wa Kundelungu. Kila mtu abebe blanketi nzito na sweta.

Bonde hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970 na kusimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayolinda hifadhi. Ombeni kibali kwanza, kisha waulizeni walinzi kuhusu usalama wiki ile ile ya safari, maana watu wenye silaha wamewahi kuingia humo. Habari ya mwezi uliopita haitoshi. Msiende bila mlinzi wa kuwaongoza. Nguo zisiwe za kijani cha kijeshi. Wala bluu iliyokolea au nyeusi, kwa sababu rangi hizo huvuta mbung'o.

Chakula: unga gramu 400 kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano siku tatu ni kilo 6; ongezeni kilo 2 za siku ya akiba, na msisahau fungu la mlinzi. Kitoweo kiwe ndakala (samaki wadogo) wakavu, karanga na mafuta. Maharagwe acheni nyumbani: yanakula saa mbili za moto, na kukata miti hifadhini ni marufuku. Bebeni mtungi mdogo wa gesi badala ya mbabula (jiko la makaa) na gunia la makala. Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupika. Ya mtoni yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemke kwa dakika moja nzima. Mkitumia vidonge vya klorini, ngojeni dakika 30. Maji yakiwa na tope, dawa huishia kwenye uchafu na vijidudu hubaki.

Tumeambiwa ni kilomita 9 tu kutoka kambi hadi ukingo wa juu. Si asubuhi moja?

Msihesabu kilomita, hesabuni saa. Mwenye mzigo wa kilo 15 kwenye njia iliyokanyagwa huenda kilomita 3 kwa saa. Msituni kando ya mto, penye mizizi, mawe ya utelezi na miti iliyoanguka, huenda 1. Kisha ongezeni saa moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kilomita 9 za njia nzuri ni saa tatu. Kupanda mita 600 ni saa mbili. Mapumziko saa moja. Jumla saa sita. Mkiondoka saa nne asubuhi mtafika saa kumi, na mwezi Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili. Aliyechelewa saa mbili tu atapanda mwamba gizani. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwendo uwe wa yule anayekwenda polepole kuliko wote.

Tukikuta mto umejaa, tutumie kamba?

Msijifunge kamba. Mtu akianguka, kamba humshikilia chini ya mkondo na maji humfunika. Tafuteni mahali mto ulipopanuka. Palipobana pana kina na kasi. Tupeni kijiti majini: kikipita kwa kasi kuliko hatua zenu na maji yamevuka goti, msivuke. Vueni soksi lakini viatu vibaki miguuni, kwani mawe hukata nyayo na kuteleza. Fungueni mikanda ya begi kifuani na kiunoni, ili mkianguka mlitupe haraka. Tazameni maji yanakotoka, fimbo ikiwa mbele yenu, na msogeze mguu mmoja tu kwa wakati.

Jioni chomekeni kijiti ukingoni kabisa mwa maji. Kikizama, au maji yakigeuka tope na kuleta majani, mvua imenyesha juu: hamisheni kambi papo hapo, hata kama kwenu mbingu ni safi. Hema likae mbali na mto, juu ya alama za mafuriko, mbali pia na miti mikavu. Lufira, unaopokea maji ya Lofoi, una mamba na viboko; huko msivuke kwa miguu kamwe, tafuteni mtumbwi wa wenyeji.

Simu zinashika?

Msizitegemee. Mwachieni mtu mmoja mjini karatasi yenye majina yenu, njia, kambi za kila usiku, namba ya ofisi ya hifadhi, na saa ya kutoa taarifa msiporudi. Saa hiyo iwe kesho yake saa sita mchana, si usiku ule ule, kwa sababu gari kuharibika njiani ni kawaida.