Ndio, kapteni anaweza kumrudisha mpigaji

Umeuliza kama mpigaji wa kriketi akishatolewa aut, yaani nje ya mchezo, anaweza kurudishwa, ndio ndugu inawezekana, kwenye kriketi mwamuzi hamtoi mtu mpaka timu inayorusha mpira iombe atolewe, na kapteni wao anaweza kuliondoa hilo ombi mwamuzi akiridhia. Cheki mechi ya uwanja wa Trent Bridge 2011, Uingereza na India, mpigaji wa Uingereza Ian Bell ana mikimbio (pointi) 137, akadhani mpira umeshafika baundari, yaani mpaka wa uwanja, na muda wa mapumziko ya chai umefika, akaanza kutembea zake, Wahindi wakaivunja wiketi (vile vijiti vilivyosimamishwa) kwa mpira, aut kisheria kabisa! Mashabiki wakazomea balaa. Wakati wa chai Dhoni, kapteni wa India, akaondoa ombi, Bell akarudi akafika 159. Ila sheria haimlazimishi mtu, kapteni akigoma aut inabaki aut, mimi Dhoni nampa heshima zote.