Kale kamfuko kadogo ka jinzi ni ka saa

Salaam mkuu. Umeuliza kamfuko kadogo kalikoshonwa juu ya mfuko wa kulia wa jinzi ni ka nini, maana mwenzako anabisha ni ka sarafu. Ni ka saa, zile za mnyororo, kabla za mkononi hazijaenea. Angalia kwanza pembe zake: jinzi nyingi zina ribiti za shaba, yaani vile vipini vidogo vya kukaza mishono, na hapo ndipo penye utamu. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Marekani, alizipiga kwenye suruali za vibarua ili mifuko isichanike. Hela ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, hakuwa nayo, akamwandikia aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss. Wakaipata 20 Mei 1873. Sarafu zinaingia pia, ila kuzitoa ukiwa umekaa, utajuta.