Maswali ya wasomaji: Tume ya Septemba 11 ilichunguza vipi?

Tume ya Marekani iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11, 2001 ilihoji watu zaidi ya 1,200 lakini haikumshtaki hata mmoja. Sasa ilikuwa na kazi gani?

Kushtaki ni kazi ya waendesha mashtaka. Tume iliulizwa jambo jingine: serikali ilijua nini, lini, na kwa nini haikuzuia. Ukitaka kujua tume yoyote ina meno kiasi gani, usianze na ripoti yake. Anza na hadidu za rejea, yaani maelezo rasmi ya kazi na mamlaka yake. Sheria iliyounda tume hii ilisainiwa Novemba 27, 2002, zaidi ya mwaka mmoja baada ya shambulio. Makamishna walikuwa 10, watano kutoka kila chama, na hakuna aliyeruhusiwa kuwa mtumishi wa serikali. Samansi, yaani amri ya kumlazimisha mtu kufika au kutoa nyaraka, ilitolewa kwa makubaliano ya mwenyekiti na makamu wake, au kwa kura 6, hivyo chama kimoja hakikuweza kumwita shahidi kwa nguvu zake peke yake. Mwenyekiti wa kwanza, Henry Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje, alijiuzulu kabla kazi haijaanza kwa sababu alitakiwa kutaja wateja wa kampuni yake. Nafasi ikaenda kwa Thomas Kean, gavana wa zamani wa New Jersey, makamu akiwa Lee Hamilton.

Kwa nini ilichukua muda wote ule? Si wangewaita wakubwa, wakaapa, wakaulizwa, basi?

Vikao vya hadhara ndivyo tunavyoviona kwenye televisheni, lakini vyote vilichukua siku 19 tu. Kazi nzito ilifanywa na watumishi wapatao 80 waliopitia kurasa zaidi ya milioni 2.5 za nyaraka. Utaratibu ni huu: nyaraka kwanza, mahojiano ya faragha baadaye, kikao cha wazi mwisho. Ukimwita shahidi kabla hujasoma mafaili, atakueleza anachokumbuka, au anachotamani kingekuwa kimetokea, na huna cha kumbana nacho.

Ushahidi wa kijeshi unaonyesha hili vizuri. Mei 2003 maofisa wa ulinzi wa anga waliieleza tume kwamba walipata taarifa ya kutekwa kwa ndege ya United 93, mojawapo ya ndege zilizotekwa siku ile, saa 3:16 asubuhi. Wachunguzi walipopata kanda za sauti na kumbukumbu za rada, wakazipanga dakika kwa dakika, ikaonekana kwamba saa 3:16 ndege ilikuwa inaruka salama. Ilitekwa saa 3:28, ikaanguka Pennsylvania saa 4:03. Jeshi lilipewa habari saa 4:07, ndege ikiwa imeshaanguka. Kanda zenyewe hazikuja kwa hiari: samansi ilibidi iende kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kisha kwa Wizara ya Ulinzi. Mivutano ya namna hiyo ilikula miezi, hadi tume ikaomba siku 60 za nyongeza. Fedha nazo zilianzia dola milioni 3, zikaishia milioni 15.

Je, rais alikula kiapo?

Hapana. George W. Bush na makamu wake Dick Cheney walikutana na makamishna Ikulu, wote wawili pamoja, Aprili 29, 2004, bila kiapo na bila kurekodiwa. Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa taifa, ndiye aliyeapa hadharani Aprili 8, baada ya Ikulu kukataa kwa muda. Siku mbili baadaye ukatolewa muhtasari wa kijasusi wa Agosti 6, 2001, uliokuwa na onyo kwamba Osama bin Laden, kiongozi wa mtandao wa al-Qaida, amedhamiria kushambulia ndani ya Marekani. Kwa maoni yetu, karatasi ile ilikuwa na uzito kuliko saa zote za kikao.

Kuna sehemu ya ripoti isiyoaminika?

Ipo inayohitaji tahadhari, na ripoti yenyewe inakiri. Sura ya 5 na ya 7, zinazoeleza jinsi njama ilivyosukwa, zinategemea sana maelezo ya wafungwa wa al-Qaida. Tume iliomba kuwahoji moja kwa moja ikanyimwa. Iliruhusiwa kupeleka maswali tu, ikarudishiwa majibu kwa maandishi, haina njia ya kumwona anayejibu wala kujua yalipatikanaje. Ripoti ilitoka Julai 22, 2004. Mwaka uliofuata CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliharibu kanda za video za baadhi ya mahojiano ya wafungwa.