Kabla ya Kukata Springi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kushusha Gari

Barua za mwezi huu zimefuatana kwa jambo moja, nalo ni kushusha gari bila ya kutumia fedha nyingi. Nimechagua tatu, moja ya Unguja na mbili za Pemba. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa aliyeiandika bado hajakata kitu.

Swali. Assalaam aleykum, Bwana Fundi. Mimi ni kijana wa Fuoni na ninayo Toyota Corolla, ile tuiitayo 110, niliyoachiwa na mjomba wangu. Naipenda, lakini imekaa juu mno, hata baina ya tairi na madigadi napitisha ngumi. Fundi mmoja wa mtaani ameniambia atazikata springi zote nne kwa shilingi 60,000. Mwengine anasema hakuna haja ya kukata, atazipasha moto kwa gesi zilegee zenyewe, na atachukua nusu ya bei hiyo. Fedha niliyoiweka ni shilingi 350,000 kwa kila kitu. Kila siku naenda kazini Darajani, na siku za mapumziko huwachukua ndugu zangu Paje. Nimfuate yupi?

Jibu. Waaleykum salaam, mwanangu. Nianze na huyo wa gesi, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usimruhusu aiguse gari yako. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo maalumu, na mtu anayekichoma kwa gesi mpaka kiwe chekundu huufuta unyumbufu huo pale tu moto ulipopita, huku sehemu nyingine ikibaki kama ilivyokuwa. Springi ya namna hiyo hushuka sentimita tatu leo na tano mwezi ujao, na ya kulia haishuki sawa na ya kushoto. Nimewahi kuletewa gari iliyoshushwa hivyo ikiwa imeegemea upande wa dereva kama jahazi lililopakiwa vibaya, na mwenyewe akidhani tatizo ni upepo wa tairi.

Kukata ni habari nyingine, na hapa sikubaliani na wale wanaokataza kukata kwa hali yoyote. Springi ikikatwa haipungui urefu tu, bali huwa ngumu zaidi, kwa sababu kila mzunguko hubonyea kiasi chake, na mizunguko ikipungua, jumla ya kubonyea nayo hupungua. Ikiwa springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi na ukakata mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Ukikata nusu ya mzunguko, unaongezeka kwa asilimia 9 hivi. Ongezeko hilo si hasara, kwani gari iliyoshuka imebakiwa na nafasi ndogo ya kubonyea kabla ya kugota. Ili ujue itashuka kwa kiasi gani, pima urefu wa springi ikiwa imebeba gari, kisha ugawe kwa idadi ya mizunguko. Ukipata sentimita 24 kwa mizunguko 6, mzunguko mzima ni takriban sentimita 4 za kushuka, na nusu yake ni 2. Hesabu hii inaifaa gari yako, ambayo springi zake zimeizunguka shokapu mbele na nyuma. Mwenye Altezza au Mark II, ambazo nazo ni Toyota, asiitumie kama ilivyo, kwa sababu katika gari hizo springi hukandamizwa na mkono wa tairi, yaani chuma kinachounganisha tairi na bodi, mahali palipo karibu na bodi kuliko tairi lenyewe, na mkato uleule huishusha gari zaidi ya alivyokusudia.

Kabla fundi hajawasha grenda, itazame ncha ya springi. Ncha iliyoendelea kwa upana uleule inaweza kukatwa na springi ikakaa tena katika kisahani chake, yaani kikalio chake. Lakini ncha iliyojikunja na kuwa nyembamba kama mkia wa kinyonga ikikatwa haitakaa tena sawasawa. Baada ya kukata na kufunga, inua gari kwa jeki mpaka tairi lining'inie. Springi lazima iwe bado imebanwa baina ya visahani vyake viwili, na kama unaweza kuizungusha kwa mkono, basi umekata kupita kiasi, na siku gari itakaporuka tuta springi itahama mahali pake ukiwa njiani. Mkato ufanywe kwa grenda au msumeno wa chuma, usifanywe kwa gesi, na ncha ipakwe rangi siku hiyohiyo, maana kwa hewa yetu ya chumvi chuma kilicho wazi hakisubiri mwezi. Wala fundi asiifungue springi kutoka kwenye shokapu bila ya vibanio vyake, kwa kuwa nguvu iliyobanwa mle ndani inaweza kumvunja mtu taya.

Hata hivyo, ingekuwa fedha ni yangu, nisingeanza na springi. Corolla ya aina yako ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1995, na kama shokapu hazijabadilishwa tangu zama za mjomba, basi zimekwisha. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu uiachie; ikipanda na kutulia, shokapu ni nzima, na ikiendelea kupanda na kushuka, imekufa, hata kama haijavuja mafuta. Springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa huifanya gari iruke kama mtumbwi penye mkondo, na abiria wa nyuma ndio watakaokueleza ukubwa wa kila shimo baina ya Fuoni na Mjini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya 350,000 iende kwenye shokapu, mbili za mbele kwanza ikiwa hazitoshi zote nne, pamoja na bushi za mikono ya chini zilizopasuka. Kisha uulize katika maduka ya vipuri vilivyotumika kama wanazo springi fupi zilizotengenezwa kwa gari ya aina yako, kwa kuwa zipo zinazokuja kutoka Japani zikiwa bado zimefungwa kwenye gari za vijana wa huko. Zinunue kwa jozi, kulia na kushoto za namna moja, na uzikague kama zina kutu iliyokula chuma. Hizo zikikosekana, ndipo tuzungumze habari ya kukata nusu ya mzunguko.

Akiba ya mwisho, ambayo usiiguse kwa jambo jengine lolote, ni ya kupima na kurekebisha mwelekeo wa tairi. Gari ikishuka, pembe za tairi hubadilika, na barua ya pili hapa chini inaonyesha gharama ya kulidharau jambo hili. Taa za mbele nazo zirekebishwe iwapo mbele na nyuma havikushuka sawa.

Sasa, kiasi gani? Kwa njia zako mimi ningesimama kwenye sentimita 2 au 2 na nusu. Wengi hushusha wakidhani kila sentimita inaongeza uimara kwenye kona, na ni kweli kwamba kitovu cha uzito wa gari kikishuka kwa sentimita 4 kutoka kimo cha sentimita 55 juu ya ardhi, mzigo unaohamia tairi za nje hupungua kwa asilimia 7 hivi. Lakini katika gari yenye shokapu ya namna yako, mikono ya chini ikishaanza kuinamia ndani, kitovu ambacho bodi hukizunguka inapolala kwenye kona hushuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito, na gari iliyoshushwa mno inaweza kulala kwenye kona kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ukiona gari imelazwa mpaka tairi zimefichwa, ujue imefanyiwa macho ya watu tu.

Jaribu jambo moja lisilo na gharama kabla ya kuamua. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, gari ikiwa tupu mahali tambarare. Kisha wapakie ndugu zako wote, weka na gunia la mchanga kwenye buti, upime tena, na uende taratibu juu ya kila tuta na katika kichochoro cha nyumbani kwenu chenye kifusi. Ikiwa ekzosi imekwishagusa kwa mzigo huo, basi baada ya kushusha itagusa ukiwa na watu wawili tu, na wakati wa masika, maji yanapofunika mashimo, hutapata hata nafasi ya kulikwepa jiwe. Na kama una desturi ya kuvusha gari kwa meli kwenda Dar es Salaam, fikiria na mlango wa meli pale Malindi, ambao huinuka na kushuka kwa maji kupwa na kujaa.

Swali. Mheshimiwa, mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Chake Chake. Nimenunua gari ndogo ambayo mwenye kuiuza aliishusha. Kwa miezi mitano tairi mbili za mbele zimekwisha upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, ilhali upande wa nje bado mpya, na gari huvutavuta usukani. Fundi anataka niweke tairi mpya tu.

Jibu. Bibi, tairi mpya zitakwisha vilevile. Tairi kukaa kwa kuegemea ndani huila sehemu ya ndani kidogo kidogo. Kinacholimaliza kwa miezi mitano mara nyingi ni tairi mbili kutotazama njia moja. Gari ikishuka, tairodi (fimbo ya usukani inayoelekeza tairi) na mkono wa chini haviinuki kwa tao moja, kwa hivyo tairi huelekea nje au ndani, na kila moja huburutwa kwa upande wake hata unapokwenda moja kwa moja. Mwambie fundi azivue tairi akutazamishe springi. Ukiona mahali rangi imeungua na mizunguko imekaribiana pahala pamoja tu huku mingine iko mbali, zilichomwa kwa gesi, nazo zitaendelea kushuka. Basi fuata mpango huu: tafuta springi za kawaida za aina ya gari hiyo, hata zilizotumika, kisha boljointi (viungo vya mikono ya tairi) na tairodi zikaguliwe, kisha mwelekeo upimwe, na tairi mpya ziwe za mwisho. Ukipima mwelekeo juu ya springi zinazoshuka, utarudi kupima tena kabla ya vuli kwisha.

Swali. Nina pikapu hapa Mkoani, nyuma ina springi za vipande bapa. Nasikia kipande cha chuma tu kinatosha kuishusha. Msimu wa karafuu huwa napakia magunia.

Jibu. Inategemea ekseli imekaa wapi, kwa hivyo lala chini utazame. Ikiwa ekseli iko juu ya springi, kipande cha chuma kikiwekwa baina yao, pamoja na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ndefu zaidi, kitaishusha gari. Ikiwa ekseli iko chini ya springi, kipande hichohicho kitaiinua. Usitumie mbao, wala usipandanishe vipande viwili. Lakini kwa mtu mwenye magunia sioni faida yake, kwa kuwa ekseli itakuwa imeikaribia chasisi hata kabla hujapakia. Ukishikilia kufanya, chungulia kama upande wa nyuma pana fimbo ndogo inayounganisha ekseli na vali ya breki. Fimbo hiyo huieleza vali kimo cha gari, na isiporekebishwa, vali itadhani gari imebeba mzigo kila wakati na kupeleka breki nyingi nyuma, hata siku unayorudi mtupu kutoka Chake Chake na barabara imelowa.